Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: ipigeni chapa tena dinari ya Kilwa

Kwa Gavana, Benki Kuu ya Tanzania.

Nakala: Wizara ya Maliasili na Utalii; Makumbusho ya Taifa; TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), wenye dhamana ya magofu ya Kilwa.

YAH: OMBI LA SARAFU YA DHAHABU YA KUMBUKUMBU KWA MFANO WA DINARI YA SULTANI AL-HASAN BIN SULAIMAN

Ndugu Gavana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni sonara. Kazi yangu ni pete, hereni, vidani na bangili, na msimu wa harusi ukifika kazi huwa zaidi ni kupanua pete zilizokaza kuliko kutengeneza mpya. Sikusomea uchumi wala historia. Naandika kwa sababu Benki Kuu sasa inanunua dhahabu ya nchi hii kwa shilingi, hapa hapa nchini, nami nina ombi kabla yote haijageuka matofali ya kulazwa ghalani. Chukueni kiasi kidogo tu, mpige chapa sarafu ya kumbukumbu kwa mfano wa dinari iliyotoka Kilwa miaka mia saba iliyopita. Ipigwe kwa ustadi, iuzwe mpaka kwa mtu wa kawaida, na sehemu ya faida irudi Kilwa.

Najua barua za maombi mnapokea nyingi. Hii angalau haiombi mkopo.

Shuleni tulifundishwa kwamba Kilwa ilikuwa na sarafu zake. Tukaandika kwenye daftari, tukajibu mtihani, ikaishia hapo. Lakini fikiria uzito wa jambo lenyewe. Kusini mwa Sahara, Aksum kule Ethiopia ilipiga sarafu za dhahabu karne nyingi nyuma, kabla ya Uislamu, kisha ikaacha. Baada yake ni pwani yetu hii, Mogadishu, Pemba, Tumbatu, Kilwa, ndiyo iliyokuwa na watawala wanaotoa sarafu zenye majina yao. Mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, lilifukuliwa fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukiwa ardhini tangu karne ya 11, na ndani yake dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa wakati ule. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hata Australia: askari mmoja aliziona kwenye fukwe za visiwa vya Wessel mwaka 1944, tano kwa idadi.

Nyingi ya hizo za Kilwa ni za shaba. Mteja aliwahi kuniletea moja akitaka nimwambie kama ni dhahabu. Haikuhitaji jiwe wala asidi. Kutu ya kijani ilikuwa imeshaijibu. Ilikuwa nyepesi kama gamba la samaki, ukingo haukuviringana sawasawa, na upande mmoja nusu ya herufi za mwisho zilikuwa zimemwagika nje kwa sababu fundi aligonga muhuri wake kando kidogo ya katikati. Hakuna kichwa cha mfalme, hakuna mnyama, hakuna tarehe, hata jina la mji halimo. Ni maandishi ya Kiarabu tu, pande zote mbili. Nilimshauri aipeleke makumbusho.

Baadaye nikajifunza kilichoandikwa kwenye sarafu za aina ile. Upande mmoja ni maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili ni jina la sultani, na pande hizo mbili zina vina. Unasoma wa kwanza, unaigeuza sarafu, na kina kinatimia kwenye jina la mtawala. Nimeona sarafu nyingi katika kazi hii na sijaona nyingine ya namna hiyo, sarafu ambayo mtu analipia chumvi huku mkononi ana ubeti. Mtu yeyote aliyelelewa na tenzi ataona kwamba huu ni mkono wa kwetu, hata kama lugha ni Kiarabu.

Sasa dhahabu. Kwa muda mrefu wataalamu walizijua sarafu za Kilwa za shaba, na chache za fedha. Mwaka 1991 mtaalamu wa sarafu aitwaye Helen Brown alichapisha makala fupi katika jarida la Azania kuhusu sarafu tatu za dhahabu za Kilwa, zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Tatu tu, mbele ya maelfu ya zile za shaba. Nilipolisoma jambo hilo sikulala mapema.

Al-Hasan bin Sulaiman ndiye yule aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, ambaye jina lake la sifa lilikuwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Husuni Kubwa, lile jumba juu ya mwamba lenye bwawa la pembe nane, ni lake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alishuka Kilwa mwaka 1331 akitokea Mombasa, akauandika mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kwenye swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akamwambia atampa. Fakiri akasema, saa hii hii. Sultani akarudi ndani, akabadili nguo, akamkabidhi. Watu wakamsifu. Mwanawe akaenda akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisha Ibn Battuta anatupia jambo dogo ambalo mimi ndilo lililonikaa: kwamba zawadi za nchi ile nyingi huwa ni pembe, na dhahabu hutolewa kwa nadra sana. Mtawala aliyesifika kwa kutoa hata nguo ya mwilini, dhahabu aliibana. Mimi kama sonara namwelewa.

Nimeweka kisa chote kwa makusudi, pamoja na wale watu ishirini waliotolewa kama magunia. Kijitabu kitakachoambatana na sarafu kiseme hilo kwa herufi zile zile zitakazosifu msikiti na jumba. Kiseme pia kwamba dhahabu ya Kilwa haikutoka Geita. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ikaishika biashara ile. Hata huko Great Zimbabwe kwenyewe imechimbuliwa sarafu moja ya shaba yenye jina la sultani huyu huyu. Kuna watu watataka kuandika kwamba "tangu enzi za Kilwa Tanzania imekuwa nchi ya dhahabu". Wakatalieni. Kilwa ilikuwa dalali hodari, na udalali ule ulijenga jumba la mawe ya matumbawe ambalo kuta zake bado zimesimama. Hiyo ni sifa ya kutosha.

Ndugu Gavana, dhahabu ya Kilwa ina sarafu tatu tunazozijua, lakini ina kitu kingine kimoja ambacho ulimwengu unakijua zaidi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na manowari zake katika safari yake ya pili, akamtishia Amir Ibrahim aliyekuwa ameushika mji, akamlazimisha kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno: mithkali 1,500 za dhahabu, mithkali ikiwa kipimo cha kale cha uzito. Miaka mitatu baadaye Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa zaidi, akauvamia na kuupora mji. Ile dhahabu ya kodi ilipelekwa Lisbon, na mfalme Manuel akaagiza itengenezwe chombo cha kanisani cha kuwekea ekaristi. Kilikamilika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém, na leo kipo katika Museu Nacional de Arte Antiga mjini Lisbon.

Aliyekitengeneza ni Gil Vicente, sonara mwenzangu. Nimekodolea picha zake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake, nguo zao zimetiwa rangi ya enameli, na juu yao ni nguzo nyembamba zilizosukwa hata unashangaa mkono wa mtu ulipenyaje. Kwenye kitako chake kuna maandishi yanayosema wazi kwamba mfalme aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limo, limeandikwa kwa tahajia yao. Kazi ni nzuri mno, nasema kama fundi, na uzuri wake ndio unaoniuma. Kumbukumbu maarufu kuliko zote ya dhahabu ya Kilwa ni risiti ya uporaji.

Siombi mkidai chombo kile. Hayo yana wenyewe na mahali pake. Nasema tu kwamba wenzetu waliiona dhahabu hiyo inafaa kumbukumbu ya ufalme wao, wakaandika na ilikotoka. Sisi hatujaandika kitu.

Na hadithi haikuishia huko. Sarafu ya dhahabu iliyopigwa chapa katika ardhi hii ya Tanzania na ikabaki ikitafutwa na wakusanyaji duniani kote ni ile ya Tabora ya mwaka 1916. Vita vilikuwa vimeikata koloni la Wajerumani na Berlin, pesa zikaadimika, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kuifanya sarafu katika karakana ya reli pale Tabora. Rupia 15, gramu 7 na ushee, karati 18. Zilitoka 16,198. Upande mmoja tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake, upande wa pili tai wa Ujerumani. Tembo wetu, dhahabu yetu, reli iliyojengwa kwa jasho la watu wetu, na tai wa kaisari. Kama mafundi waliozingirwa na adui, wakiwa na mashine za kutengenezea treni, waliweza kutoa sarafu ambayo watu wanaigombea hadi leo kwenye minada, sijui nani atatuambia kwamba jambo hili ni gumu mno.

Benki Kuu yenyewe si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1974 mlitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili, katika mfululizo wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori. Ilipigwa Uingereza. Ni nzuri, lakini ina gramu 33 na zaidi. Tangu mwanzo ilikuwa ya tajiri wa mbali. Mwaka 2011, kwa miaka 50 ya uhuru, mlitoa ya fedha ya shilingi 50,000. Katika mtaa wangu wa masonara, ambao mtu angedhani ndio wa kwanza kuijua, wengi hawajawahi kuiona. Kwa nini? Kwa sababu sarafu hizi hutolewa kwa sherehe, zikapigwa picha, zikaingia kwenye visanduku vya mahameli vya wageni rasmi. Kama na hii ndiyo safari yake, bora dhahabu ibaki tofali.

Kuna nchi imefanya kile ninachoomba, na ukiangalia tarehe utacheka. Hungaria. Mfalme wao Károly wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1308 hadi 1342, yaani rika moja na sultani wetu wa Kilwa, alianza kupiga sarafu za dhahabu mwaka 1325 kwa kuiga florini ya Florence. Mwaka 2012 benki kuu ya Hungaria ilianza kutoa mfululizo wa sarafu za kumbukumbu kwa mfano wa florini za wafalme wao wa zama za kati, na ya kwanza ilikuwa ya huyu Károly. Ni ndogo, gramu tatu na nusu hivi, karibu na uzito wa ile ya kale, na dhahabu yake ni karibu safi kama ilivyokuwa wakati ule. Ukiiweka kwenye kiganja unashika kitu chenye ukubwa ule ule alioushika mfanyabiashara wa karne ya 14. Hawakuikuza ili ionekane ya thamani, wala hawakuibandika jengo la bunge.

Hapo sasa niongee kama fundi.

Uzito wa dinari ya kale ulifuata mithkali, gramu 4 na robo. Kwa bei za sasa mithkali nzima inavuka shilingi milioni moja, na mwalimu wa shule ya msingi hawezi. Kwa hiyo toeni mithkali moja kwa wanaoweza, nusu mithkali, na robo mithkali, ambayo ni kama gramu moja. Gramu moja ndiyo kipimo ambacho wateja wangu wanaanzia: mama anayecheza upatu, kijana anayetafuta kitu cha kupeleka ukweni kisichooza wala kuisha betri.

Karati iwe 22. Najua wataalamu wa sarafu watataka dhahabu safi kama ya kale, na kwa sarafu ya kukaa kwenye kisanduku wana haki. Lakini watu wataivaa. Msijidanganye. Naletewa hadi leo vidani vya bibi vyenye pauni ya Kiingereza katikati, kichwa cha Mfalme George kimesuguliwa na miaka mpaka pua imelala, na mjukuu anataka nibadilishe tu mnyororo. Mabibi harusi wa pwani wamevaa vichwa vya wafalme wa London kifuani kwa vizazi, kwa sababu pauni ilikuwa dhahabu ya kuaminika ya karati 22 na kila sonara aliijua. Dinari ya Kilwa itavaliwa hivyo hivyo, na kwa karati 24 maandishi yatachakaa upesi. Acheni pia ukingo mtupu kidogo kuzunguka maandishi. Fundi anapoifunga sarafu kwenye fremu, kucha za fremu hukamata kuanzia pembeni, na nisingependa kuwa mtu wa kufunika herufi ya mwisho ya kina kile.

Maandishi yachukuliwe kwenye sarafu yenyewe. Waiteni wasomaji wa maandishi ya kale, waiteni wanazuoni wa Kilwa, Zanzibar na Lamu, wakae na picha kubwa za zile tatu, na muhuri uchongwe kwa kufuata mkono wa yule fundi. Msimpe mchoraji wa kompyuta akachagua herufi nzuri za kisasa kutoka kwenye orodha. Sarafu ya asili haikuwa duara kamili. Ikiwezekana yenu isiwe duara kamili pia. Kama sheria inadai jina la Benki, mwaka na thamani, viandikwe kwenye unene wa ukingo, pale pa kuzungusha kidole. Na tafadhali sana, msiweke twiga. Wala Mlima Kilimanjaro. Kuna mahali pengi pa twiga.

Dhahabu ipo. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wenye leseni wanatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa humu nchini, nanyi ndio wanunuzi. Mitambo ya kusafishia ipo Mwanza, Geita na Dodoma. Kinachokosekana ni mashine ya kupigia chapa na mtu wa kuchonga muhuri. Ikibidi mara ya kwanza ipigwe nje, sawa, lakini vijana wetu wawili watatu wapelekwe wakasimame kwenye mashine ile, wasiende mikutanoni. Na dhahabu iwe ya kwetu yenye karatasi inayoonyesha ilikotoka. Mchimbaji wa Nyarugusu au Chunya anashuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, anapandisha mawe, anayapeleka kwenye karasha, kisha mwaloni kuyaosha, anapumua moshi wa zebaki, anauza sokoni gramu zake nne, na kuanzia hapo haioni tena dhahabu hiyo maisha yake yote. Ziuzwe kwenye masoko ya madini pia. Akitaka kubadilisha gramu moja ya vumbi lake kwa robo dinari yenye maandishi, aweze.

Najua yatakayosemwa kwenye vikao.

Kwamba shule hazina madawati. Kweli, hazina. Sarafu hii hainunuliwi kwa fedha ya madawati: anayeitaka anailipia dhahabu iliyomo na juu yake gharama ya kazi, na isiyouzwa huyeyushwa ikarudi kuwa tofali bila kupungua uzito. Ni bidhaa chache sana za serikali zenye sifa hiyo.

Kwamba itakuwa na jina la Mungu, na nchi yetu haina dini. Wimbo wetu wa taifa unaanza na neno gani?

Kwamba maandishi ya Kiarabu yatafanya ionekane sarafu ya wageni. Hili linanikera kidogo, kwa hiyo nitalijibu kwa ufupi. Kiswahili hiki tunachogombana nacho kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa hizi, na waliojenga Kilwa walikuwa watu wa pwani hii, waliozaliwa na kuzikwa hapa. Atakayetaka tafsiri ya Kiswahili ataikuta kwenye kijitabu.

Kwamba watu watadanganywa. Hapa pana hoja ya kweli, na ningependa muipe uzito kuliko zile nyingine. Sarafu za kumbukumbu duniani kote huuzwa juu ya bei ya dhahabu iliyomo, na mara nyingi mnunuzi akirudi kuuza huambulia bei ya dhahabu tu, wakati mwingine pungufu. Mtangazieni ukweli huo dirishani. Wekeni bei ya Benki kuinunua tena, ibadilike kila siku kwa kufuata soko la dunia, ionekane kwenye tovuti na ukutani kwa kila tawi. Mkifanya hivyo, robo dinari itakuwa akiba ya mama wa kawaida, yenye bei anayoijua, badala ya kuja kwa watu kama mimi na kutegemea uaminifu wa mizani yangu. Ndiyo, nawaombeni mninyang'anye wateja. Kazi ya fremu nitaipata.

Bado Kilwa yenyewe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu bahari na mizizi vilikuwa vinakula kuta, vikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuondolewa kwenye orodha hakumwambii bahari aache. Ukuta wa mawe na chokaa unahitaji fundi kila mwaka, na fundi anahitaji mshahara. Sehemu ya faida ya kila dinari itajwe kisheria kuwa ya magofu, na itumike kuwalipa waashi wa Kilwa wanaojua kuchoma chokaa ya matumbawe. Isizunguke kwanza kwenye mfuko mkuu.

Na pale pale pa kuvukia, Kilwa Masoko, liwepo dirisha la kuziuza. Maji yakipwa, sarafu za kale huonekana kwenye mchanga wa kisiwani, na watoto huziokota. Mgeni anashuka kwenye boti, mtoto anafungua kiganja, na historia inaondoka kwa bei ya soda. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na inakataza, lakini mtoto hana kitu kingine cha kuuza na mgeni hana kitu kingine cha kununua. Tengenezeni basi na nakala za shaba, za bei ndogo, zenye alama inayoonyesha ni za leo, vijana wa kisiwani wauze hizo kwa kibali. Anayeleta ya kale kwa mhifadhi apewe ya leo na kitu juu yake. Gharama yake haifiki posho ya semina moja.

Ndugu Gavana, naomba majibu ya mambo matatu. Je, Benki iko tayari kukaa na Makumbusho ya Taifa na TAWA kulizungumza hili, na lini? Je, dhahabu mnayoinunua inaweza kisheria kutengwa kiasi kwa ajili ya sarafu ya kuuzwa kwa wananchi, au inahitajika kanuni mpya? Na kama jibu la yote ni hapana, sababu iandikwe, ili atakayeomba baada yangu ajue pa kuanzia.

Picha za sarafu za Kilwa na mchoro wangu wa ukingo, wenye vipimo kwa milimita, nitaziwasilisha masjala kwenu pamoja na nakala ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Sonara,
Kariakoo, Dar es Salaam